Maneno Matatu ya Edmund Harker

Wifi yangu Keziah Harker alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache aliwaambia ng'ombe. Watu wa bonde letu la Whernsdale walisema ana kiburi. Mimi, niliyesoma naye darasa moja na kisha nikaishi naye nyumba moja mpaka nilipoolewa, nasema hakuwa na kiburi. Alikuwa na kazi, na alikuwa na hasira. Hasira hiyo hakuzaliwa nayo. Alipewa, kidogo kidogo, na watu ninaowajua kwa majina.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Oddie. Alizaliwa bondeni kama sisi, shamba la tatu kutoka kwa baba yangu, lakini alikwenda mjini miaka miwili akarudi na kola nyeupe na fimbo. Kazi yake, alivyoiona, ilikuwa kung'oa maneno yetu vinywani kama mtu anavyong'oa magugu. Mwaka jana sisi tuliuita fernyear, kama babu zetu. Fimbo. Kondoo aliyemaliza baridi mbili tulimwita twinter. Fimbo. Siku moja, Keziah akiwa na miaka minane, Mwalimu alimuuliza mama yake yuko wapi, mbona hajaja kulipia slati ya kuandikia iliyovunjika.

"Yuko nyumbani, anatia yearning kwenye maziwa," Keziah akasema.

Ukitaka jibini, maziwa lazima yagande, na ili yagande unatia maji ya chumvi yaliyolowekwa tumbo la ndama. Dawa hiyo sisi tunaiita yearning. Hatuna jina lingine. Kwenye vitabu neno hilohilo maana yake ni hamu, moyo kukitaka kitu kilicho mbali.

"Yearning ni hamu ya moyo," Mwalimu Oddie akasema, "na maziwa hayana moyo. Nyoosha mkono."

Fimbo tatu. Keziah hakulia. Alirudi akakaa karibu yangu, mkono ukiwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine, akaninong'oneza, "Mama yake mwenyewe anaiita hivyohivyo. Nimemsikia."

Mwaka 1908 aliolewa na kaka yangu Edmund, wakakaa High Birks, nyumba ya mwisho juu kabla mlima haujawa wa kondoo peke yao. Ng'ombe tisa, kondoo mia na arobaini. Ardhi ilikuwa ya Kanali Stapleford, kama karibu ardhi yote ya bondeni, na kama shamba dogo alilokodi mume wangu. Mtoto walipata mmoja, hakuishi wiki. Baada ya hapo walikuwa wawili tu, na kazi ya watu wanne.

Vita vya 1914 vilipokuja, vilianza kwa kuwachukua waliotaka kwenda. Mwaka 1916 vikaanza kuwachukua wasiotaka. Mtu aliruhusiwa kwenda mbele ya baraza mjini kuomba abaki kama shamba haliwezi kwenda bila yeye. Edmund alikwenda, nami nikafuatana na Keziah tukaketi benchi la nyuma. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kanali Stapleford.

"Una nini huko juu?" Kanali akamuuliza.

"Ng'ombe tisa, Bwana Kanali. Kondoo wanaozaa themanini, na twinter arobaini watakaozaa mara ya kwanza mwakani."

Karani aliinua kalamu. "Arobaini nini?"

"Twinter."

Watu wa mjini wakacheka. Kanali naye akatabasamu. "Mwambieni aseme Kiingereza."

"Hicho ndicho Kiingereza, Bwana Kanali," Edmund akasema kwa upole. Alikuwa mtu mpole kuliko sisi wote. "Kilikuwepo hapa kabla ya nyumba yako."

Tabasamu likaondoka. Kanali akatazama benchi letu. "Yule ni mke wako? Ana mikono miwili? Basi ombi limekataliwa."

Dakika nne. Niliona saa ya ukutani. Jioni hiyo Edmund alinoa mapanga yote ya kukatia nyasi akayatundika kwa mpangilio, ili Keziah asiyatafute.

Barua zake zilikuwa fupi. Ya mwisho ilifika Oktoba 1917, na siku sita baadaye ikaja karatasi ya jeshi kusema hayupo tena. Barua hiyo naijua yote, kwa sababu Keziah alinipa niisome mara moja, akiwa amesimama pembeni akikamua.

"Kez," Edmund aliandika, "huku ni matope tu. Keep the yearning from the frost. Chumba cha maziwa kina ufa upande wa kaskazini, usiiache dirishani. Usiuze twinter hata mmoja. Wape nyasi za fernyear kwanza, za mwaka huu uzifiche mpaka Februari. Mwambie Dinah mumewe arudishe msumeno wangu. I think long. Edmund."

Dinah ni mimi. Msumeno tuliurudisha wiki hiyohiyo.

Maana ya barua hiyo ni nyepesi. Linda dawa ya jibini isiharibiwe na baridi. Tunza kondoo. Chukua msumeno. Kisha yale maneno matatu ya mwisho, ambayo msomaji wa vitabu atayaona ni sentensi iliyokatika: nafikiri kirefu. Kwetu mtu akisema hivyo amesema kwamba anakutamani, kwamba siku haziishi bila wewe. Mwanamume wa bondeni huyasema mara moja au mbili maishani, na wengi hufa bila kuyasema.

Kasisi Pelham alipanda High Birks kutoa pole. Alikuwa kijana wa kusini, mikono laini, moyo si mbaya. Keziah alikuwa Mmethodisti, hakusali kwake, lakini alimkaribisha chai. Kasisi akaomba barua hiyo aichapishe kwenye jarida la parokia. Keziah, ambaye wiki hiyo hakuwa akijua kama amekula au hajala, akampa. Ilirudi baada ya mwezi. Jarida hakulisoma.

Miaka ikapita. Keziah alilima peke yake, na mzee mmoja wa kumsaidia wakati wa kukata nyasi. Jibini lake lilikuwa bora bondeni. Kanali alilila mezani kwake kila Jumapili, na alipenda kuwaambia wageni kwamba limetengenezwa na mjane wa askari wake.

Aprili 1921 tuliitwa shuleni kwenye mkutano wa jiwe la ukumbusho. Wanaume kumi na mmoja wa bonde hawakurudi, na Kanali alikuwa ametoa kiwanja na nusu ya gharama. Keziah hakuja. Ilikuwa wiki ya kuzaa kondoo, naye alikuwa mlimani mikono ikiwa na damu mpaka viwikoni. Sisi wengine tulikuwepo, watu kama hamsini, tumekaa kwenye madawati ya watoto.

Kanali akasimama. "Tunataka maneno chini ya majina. Kasisi ameyapata, na ni mazuri kuliko ya mshairi yeyote. Yaliandikwa na mtu wetu mwenyewe, Edmund Harker, siku chache kabla ya kufa." Akavaa miwani. "Keep the yearning. Itunzeni hamu. Hamu ya nyumbani, hamu ya haki, hamu ya amani. Ninaona hakuna cha kuongeza."

 Nyuma yangu mtu alikohoa, na hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko. Mbele, Mwalimu Oddie, ambaye alikuwa katibu wa kamati, aliandika kitu kwenye daftari bila kuinua uso. Ralph Peacock, mchonga mawe, alitazama buti zake. Sote hamsini tulijua. Watoto wa miaka mitano walijua. Jiwe la wafu wetu lingesema: tunza tumbo la ndama.

"Yupo mwenye neno?" Kanali akauliza.

Mkataba wa shamba letu ulikuwa unaisha Mei. Mume wangu alinigusa goti kwa goti lake, chini ya dawati. Sikusema. Hakuna aliyesema. Tukapiga makofi.

Nitaongeza hili ili nisijifanye bora: njiani kurudi tulicheka. Tulicheka sana, mpaka mume wangu akashika ukuta. Kisha tukakubaliana kwamba Keziah asiambiwe.

Alijua mwenyewe, Oktoba. Alikwenda kwa Ralph Peacock kuchukua hori la mawe la kunyweshea ng'ombe, akaliona jiwe limesimama uani, limemalizika. Ralph alinisimulia baadaye. Keziah alisoma majina yote kumi na moja polepole, kidole kikifuata, mpaka akafika chini.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi nimechonga tu, Kez. Nilichopewa nimechonga."

"Na maana yake unaijua?"

"Naijua."

"Mwaka mzima huu unanunua jibini kwangu, Ralph, na hukuniambia."

Hakuchukua hori. Alishuka kwenda nyumbani kwa kasisi, akipitia kwangu njiani. Hakuniuliza kama nilikuwepo mkutanoni. Aliniambia tu, "Vaa koti, nataka shahidi," nami nikavaa.

Kasisi Pelham alitukaribisha chumba cha vitabu. Keziah hakukaa.

"Lile neno kwenye jiwe," akasema. "Ni dawa ya jibini. Edmund alikuwa akiniambia nisiiache igande na baridi. Futa."

Kasisi akawa mwekundu, kisha mweupe. Alichukua kamusi kubwa, akaifungua, akaifunga. "Bi Harker, mimi sikujua. Naapa sikujua. Lakini neno linaweza kubeba maana mbili."

"Kwenye barua yangu lina moja."

"Watu wakipita watasoma ile nyingine. Watafarijika."

"Watu gani? Wa hapa? Wa hapa watacheka. Watakaofarijika ni wageni wa Kanali."

Akatafuta maneno, maskini, na akachagua mabaya kuliko yote. "Nilisoma barua ile mara nyingi. Kondoo, nyasi, msumeno. Katika barua nzima, Bi Harker, hilo ndilo neno pekee la mapenzi nililoliona."

Nilimwona wifi yangu akifungua kinywa. Angeweza kumwambia. Maneno mengine matatu yalikuwepo palepale, mstari wa mwisho, na huyu msomi aliyapita kama mtu anavyolipita lango la shamba. Kinywa kikafungwa. "Zungumza na Kanali," akasema, na tukatoka.

Kasisi alizungumza naye, namsifu kwa hilo. Jibu lilikuja kwa barua, nami niliisoma kwa sauti jikoni High Birks. Kanali alisikitika kwamba huzuni imemvuruga Bi Harker. Herufi zimeshachongwa. Jenerali ameshaalikwa. Na zaidi ya hayo, nani nje ya bonde atajua?

Keziah aliichukua barua akaitia motoni, akakoroga makaa.

"Nani nje ya bonde," akasema. "Sisi tulio ndani hatuhesabiki."

Sherehe ilifanyika Jumapili ya pili ya Novemba, mchana, kwenye kiwanja mbele ya shule. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi tangu asubuhi. Jenerali alikuwa mzee mfupi mwenye nishani nyingi, akakivuta kitambaa kilicholifunika jiwe, na Kanali akasoma majina, kisha yale maneno, kwa sauti iliyotetemeka. Nadhani ilitetemeka kweli. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikuwa akijiliza kwa jambo asilolijua.

Keziah akatoka katikati ya wajane. Alikuwa na shuka nyeusi begani na chini yake chupa ya udongo yenye mdomo mpana.

"Bi Harker," kasisi akanong'ona, "mashada ya maua bado."

Keziah alimpita. Aliweka chupa kwenye ngazi ya jiwe, akafungua kitambaa cha mdomo wake, akaingiza mkono. Harufu ikafika mpaka kwa Jenerali. Akatoa kipande cha tumbo la ndama, cha rangi ya kijivu, kinachochuruzika, akakiinua watu wote wakione.

"Hii ndiyo yearning," akasema. "Mume wangu aliniambia niilinde na baridi. Hakusema zaidi."

"Mpelekeni mama huyu nyumbani," Kanali akasema. "Huzuni ya miaka minne si kitu kidogo."

"Huzuni yangu iache. Sijakuletea." Hakupaza sauti. Akageuka kulia. "Mwalimu Oddie, nikiwa na miaka minane ulinipa fimbo tatu kwa neno hili. Mwambie Kanali maana yake."

Mwalimu Oddie alikuwa amezeeka. Alivua kofia, nisijue kwa nini, akaishika kifuani.  Ng'ombe wa mtu alilia upande wa pili wa mto.

"Ni dawa ya jibini, Kanali," akasema. "Ya tumbo la ndama. Ndivyo wanavyo... ndivyo tunavyosema."

"Ulijua lini?" Keziah akamuuliza.

"Tangu kuzaliwa."

"Na Aprili, kwenye daftari lako, uliandika nini?"

Mwalimu akatazama ndani ya kofia. Keziah akatugeukia sisi, bonde zima, nguo nyeusi za Jumapili. Akatupitia uso kwa uso mpaka akafika kwangu.

"Na wewe, Dinah. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayeona kondoo ameshakufa na hakuna haja ya kuinama. Kisha akamrudia Kanali, na hapo tu sauti yake ikapanda.

"Alikuja mbele yako akiwa hai, akakwambia maneno yake kwa kinywa chake. Mkacheka. Ukamwambia aseme Kiingereza. Dakika nne ulimpa. Sasa amekufa hawezi kukusahihisha, ndiyo unayachukua maneno yaleyale unajipambia nayo. Fimbo tulipokuwa wadogo, kicheko tulipokuwa wakubwa, na tukishakufa mnatuchonga kwenye jiwe. Toa. Toa maneno ya mume wangu kwenye jiwe lako."

Kanali alimwashiria mpiga tarumbeta. Tarumbeta ikapigwa. Keziah akafunga chupa yake, akaupanda mlima, maana saa ya kukamua ilikuwa imefika.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, alishuka na nyundo na tindo la kuchongea mawe ya ukuta. Alikuwa amepiga herufi ya kwanza mara mbili, vibaya, Ralph Peacock alipotokea mbio na aproni yake.

"Utaharibu na majina," akamwambia. "Nipe."

"Kanali atakunyima kazi."

"Nipe, Kez."

Akamaliza kwa saa mbili. Watu walipita, wakasimama, wakaendelea na njia yao. Mke wa Mwalimu Oddie alileta chai, akaiweka chini, akaondoka bila neno. Mstari mzima ukaondoka, ukabaki mfereji mpana usio na kitu, na mtu asiyejua hudhani jiwe lilipasuka lilipokuwa linasafirishwa.

Januari msimamizi wa mali za Kanali aliandika kwamba mkataba wa High Birks hautaongezwa, Bi Harker aondoke kabla ya Mei. Sababu haikuandikwa. Ralph Peacock hakupata tena kazi ya nyumba kubwa. Kasisi Pelham aliomba uhamisho, na kabla ya kuondoka alimwandikia Kanali barua kali kumtetea Keziah, ambayo haikusaidia kitu. Sisi mkataba wetu tulikuwa tumepata, miaka saba.

Kondoo wa mlimani hubaki na mlima, hata mpangaji akiondoka. Siku ya kuhama Keziah aliwahesabu wote kwa mdomo, kwa umri wao, akamkabidhi mpangaji mpya, kijana kutoka bonde la pili. Kisha akapanda gari la farasi na kitanda, sufuria kubwa ya jibini na chupa zake, akaenda mjini. Nilisimama barabarani. Alipita akitazama masikio ya farasi.

Mjini alikodi ghala nyuma ya soko, akawa ananunua maziwa na kutengeneza jibini. Mwanzo alilala hapohapo, kwenye godoro kati ya rafu. Baada ya miaka miwili alikuwa na wanawake wanne wakifanya kazi, wawili kati yao wajane wa jiwe letu, na humo ndani watu walisema maneno ya bondeni kwa sauti yoyote waliyotaka. Mfanyabiashara mmoja alipomwambia aandike kwenye bango neno zuri la kuvuta moyo kuhusu nyumbani na zamani, alimwonyesha mlango.

Mimi hakuniandikia, wala mimi sikumwandikia. Ilinichukua miaka miwili na nusu kupata ujasiri. Nilikwenda siku ya soko, nikamkuta meza ya nyuma, amekunja mikono ya nguo.

"Umekuja kununua?"

"Nimekuja kusema nilikosa."

"Sema."

"Nilikosa, wifi."

"Ulikosa nini?"

Alinisimamisha pale nikasema yote, mbele ya wale wanawake. Mkutano, makofi, goti la mume wangu. Hata kicheko cha njiani. Hicho hakuwa anakijua. Nilikiona kikimwingia.

"Mlicheka," akasema.

"Tulicheka."

"Kwa sababu mliogopa shamba."

"Tulinyamaza kwa sababu ya shamba. Kucheka, sijui kwa nini tulicheka."

"Na shamba mnalo?"

"Tunalo."

"Vizuri. Angalau mtu alipata kitu." Alifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Hakusema amenisamehe, wala hakuwahi kulisema mpaka alipokufa. Alisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikafika kwangu. "Viazi vya chakula cha mchana hivyo. Kisu kiko juu ya rafu."

Nikavua koti.